Mashine Hewa Kumi na Mbili

Kamati ya uhakiki wa mali ilikuwa na watu watano, na kazi yake ilikuwa moja tu: kubandika stika. Kila mali ya ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, kuanzia kiti cha Mkurugenzi hadi ndoo ya chooni, ilipaswa kuwa na stika ya njano yenye namba. Kilichobandikwa kipo. Kisichobandikwa hakipo, au kimeibiwa. Kwa siku tatu walikuwa wamezunguka vyumbani kwa mwendo wa bwana harusi, wakinyweshwa soda kila walipoingia, na siku ya nne, saa nne asubuhi, walifika kwenye mlango wa chumba cha seva wakiwa na stika kumi na nne.

Mwenye chumba alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na nane ambaye walinzi walimbatiza jina la Mama Seva, na jina likamganda. Siku hiyo alikuwa na hamu ya kujivuna kidogo, na haki alikuwa nayo. Mwezi uliopita aliweka mfumo mpya wa seva peke yake, wikiendi tatu mfululizo, akila mkate mkavu juu ya boksi. Kisha akaandika ripoti ya kurasa mbili, kwa Kiswahili chepesi ili wakubwa waelewe, akaipa kichwa "Mambo Mapya katika Mfumo wa Seva". Kosa lake lilianzia hapo, kudhani kwamba wakubwa husoma ili waelewe.

"Seva ziko wapi?" akauliza Mwenyekiti wa kamati, mtu mfupi mwenye kalamu nne mfukoni, kila moja na rangi yake.

"Ndizo hizi, mzee." Akamwonyesha masanduku mawili meusi, bapa, yaliyopachikwa kwenye fremu ya chuma, yakinguruma.

"Hizo ni mbili."

"Mbili, ndiyo."

"Daftari la mali linasema kumi na nne. Limenakiliwa kutoka kwenye ripoti yako mwenyewe."

"Masanduku ni mawili, mzee. Hizo nyingine kumi na mbili ni mashine pepe. Zimo humo humo ndani."

"Fungua tuzione."

Mama Seva alitabasamu, akidhani ni utani. Hakuna aliyetabasamu naye.

"Hazionekani kwa macho, mzee. Sanduku moja lina nguvu nyingi, kwa hiyo tunaligawa. Kila sehemu inajiona ni mashine kamili. Moja ya vizazi, moja ya vifo, moja ya barua pepe, moja ya mahudhurio..."

"Inajiona," Mwenyekiti akarudia, akiwageukia wenzake. "Na sisi hatuioni."

"Ni kama hiyo barua pepe. Ipo, ila huishiki mkononi."

"Yaani hewa."

"Si hewa, mzee, ni..."

"Huishiki, huioni, lakini imo kwenye daftari la serikali. Mama, mimi nimefukuza wafanyakazi hewa mia mbili katika kazi hii. Majina yapo, watu hawapo. Leo umeniletea mashine hewa." Akachomoa kalamu nyekundu. "Karani, andika. Mashine hewa, kumi na mbili."

Hapo angeweza kunyamaza, akaenda zake kumtafuta Mkurugenzi. Lakini Mama Seva alikuwa na ugonjwa wa watu wanaoijua kazi yao: aliamini kwamba mtu akionyeshwa kitu ataelewa. Akawaita mezani, akafungua skrini, akawaonyesha orodha ya majina kumi na mbili yenye taa za kijani.

"Hii hapa ni ya vizazi," akasema. "Sasa hivi iko sanduku la juu, na pale kaunta wanachapa vyeti. Naihamishia sanduku la chini. Angalieni." Akabonyeza. Mstari ukatambaa kwenye skrini, ukafika mwisho. "Tayari. Imehama. Nendeni mkaulize kaunta kama kazi ilisimama hata kidogo. Hilo ndilo jambo jipya lenyewe. Zamani ningezima, watu wangesubiri saa nzima. Siku hizi hata viraka vya usalama, vya kuziba mianya ya programu, vinabandikwa bila kuzima kitu."

Mjumbe mmoja alitumwa kaunta. Akarudi akasema hakuna aliyejua lolote, vyeti vinatoka kama kawaida.

Uso wa Mwenyekiti ukachangamka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Kwa hiyo wewe," akasema polepole, "unaweza kuhamisha mashine ikiwa kazini, kaunta wasijue?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mlinzi wa getini asijue?"

"Mlinzi atajuaje? Hakuna kinachopita..." Aliona kalamu nyekundu inavyokimbia kwenye karatasi.

"Karani," Mwenyekiti akasema, "andika hapo kwamba mhusika ametuonyesha mwenyewe jinsi alivyozitoa."

*

Mkurugenzi, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Semina kwa sababu alikuwa ama anakwenda au anatoka kwenye semina, aliipokea habari hiyo kwa huzuni ya mtu anayejikosha. Wiki mbili tu nyuma alisimama kwenye ukumbi wenye maua mezani akajigamba kwamba ofisi yake ina seva kumi na nne, akapigiwa makofi. Sasa alimtazama Mama Seva kana kwamba walikutana mara moja tu kwenye lifti.

"Mimi si mtu wa mitambo," akasema. "Mimi niliamini ulichoandika."

"Mkurugenzi, wewe ulisaini ununuzi. Tulinunua mbili. Risiti ipo."

"Ndiyo maana nasema jambo hili limekaa vibaya. Tulinunua mbili, ukaandika kumi na nne. Ulikuwa unaziandalia nafasi hizo nyingine?"

Akapewa barua ya kusimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Ilikuwa imechapwa vizuri, na ilikuwa imehifadhiwa kwenye mashine pepe namba tisa.

*

Mumewe alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa uani, chini ya bati, na alipomwona mkewe anaingia saa saba mchana siku ya kazi, alitema misumari aliyokuwa ameibana midomoni.

"Unaumwa?"

"Nimesimamishwa. Wanasema nimeiba seva kumi na mbili."

Fundi akacheka. Kisha akaona kwamba mwenzake hacheki, akavuta kigoda. Mama Seva akaeleza yote, sanduku, kugawa, pepe, hewa, kalamu nyekundu. Alieleza vizuri, kwa subira, maana hawa ndio watu ambao lazima waelewe. Kazi ikienda, atatafuta nyingine. Lakini jina likishaandikwa mwizi, nani atamkabidhi chumba chenye ufunguo? Na ndani ya nyumba yake je, atakaa vipi?

Mama mkwe alikuwa barazani akichagua mchele kwenye ungo, redio yake ndogo ikimsomea matangazo ya vifo, kipindi asichokosa hata akiumwa. Akaipunguza sauti.

"Umesema uliziandika pepe?"

"Ndiyo, mama."

Bibi akaokota kitu kwenye ungo, akakiinua kwa vidole viwili. Lilikuwa ganda la punje, jepesi, halina kitu ndani. "Pepe si hii? Sisi hii tunapuliza inakwenda zake. Sasa wewe, na elimu yako yote, unaandikia serikali kwamba mashine zao ni pepe, halafu unashangaa wakizitafuta?"

"Ni neno la kitaalamu, mama."

"Hata hili ni la kitaalamu," mama mkwe akasema, akalipuliza.

Fundi makochi aligeukia kochi lake. Alichukua nyundo, akagonga msumari mmoja, wa pili, wa tatu, akasimama. Alikuwa mume mwema, asiyenyanyua mkono wala sauti, na swali lake lilitoka kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kofi.

"Mke wangu, tuko wawili hapa na mama. Hizo mashine... hukuziuza?"

Mama Seva alimtazama machoni. Miaka kumi na minne wamekula sahani moja.

"Wapi, baba? Ningezibebea nini? Kwenye mkoba wa mkono?"

"Nauliza tu."

"Usiniulize tena."

*

Polisi walikuja keshokutwa yake, wawili, saa tatu asubuhi, saa ambayo mtaa mzima uko nje unafagia. Walikuwa na karatasi ya ruhusa ya kupekua na hawakuwa na jambo lingine lolote la kuwasaidia.

"Tunatafuta seva kumi na mbili," akasema mkubwa wao. Akamvuta fundi makochi pembeni, akateremsha sauti. "Seva yenyewe inafananaje?"

"Mimi sijui, afande. Muulize mwenyewe."

"Yeye ndiye mtuhumiwa. Hatuwezi kumwomba mtuhumiwa atueleze tutafute nini."

Kwa hiyo walitafuta kila kitu. Walipekua kabati, walipekua chini ya kitanda, walitia mkono kwenye pipa la unga na ukatoka mweupe hadi kiwikoni. Majirani walisogea hadi kwenye ua, wakijifanya wana lao. Mama mmoja wa nyumba ya pili aliuliza kwa sauti, "Jamani, kuna msiba?" na alijua vizuri kwamba hakuna. Binti yao wa miaka kumi na mmoja alisimama mlangoni na begi la shule mgongoni, hajui kama aende au abaki.

Uani kulikuwa na kochi la watu watatu, la mteja, kitambaa kipya cha rangi ya zambarau, tayari kuchukuliwa mchana ule. Afande alilibonyeza hapa na pale.

"Hili ni gumu sana katikati."

"Ni mbao, afande. Kochi lina mbao."

"Hayo tutayaona." Akachomoa kisu, akalipasua kutoka mkono hadi mkono. Ndani kulikuwa na mbao.

Fundi aliinama kuunganisha kitambaa kwa vidole. Siku nne za kazi, na mteja ni mkali. Hakumtazama polisi. Alimtazama mkewe, na hilo Mama Seva aliliona, na hakulisahau.

Lakini polisi hawarudi mikono mitupu, si heshima. Walizunguka tena sebuleni, wakaiona redio ya mama mkwe juu ya rafu, nyeusi, ina taa ndogo na waya.

"Hiki ni kifaa cha elektroniki?"

"Ni redio yangu!" bibi akasema. "Afande, utaniacha sijui nani kafa!"

"Utarudishiwa uchunguzi ukikamilika." Wakaiandika kwenye karatasi: kifaa kimoja, cheusi.

*

Siku hiyo hiyo mchana, Mwenyekiti aliamuru sanduku moja kati ya yale mawili lichukuliwe kuwa kidhibiti cha kesi. Mtunza stoo na polisi mmoja waliling'oa kwenye fremu likiwa linanguruma, wakachomoa nyaya kama watu wanaong'oa magugu. Mashine pepe sita zilizokuwa ndani yake zilianguka, na kwa sababu Mama Seva alikuwa amezipanga hivyo, zikaamka zenyewe kwenye sanduku la pili kabla karani wa kaunta hajamaliza kupiga chafya. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya maishani, na hakukuwa na mtu wa kuiona.

Mkurugenzi yeye aliona kingine. "Mnaona?" akawaambia wajumbe. "Tumeondoa moja na kazi inaendelea. Kumbe hata halikuwa na kazi."

Akiwa katika moto huo wa kubana matumizi, akaagiza na kiyoyozi cha chumba kizimwe. Chumba hakina mtu, baridi ni ya nani?

Sanduku lililobaki lilivumilia siku tisa, likibeba mzigo wa mawili katika chumba kilichokuwa cha moto kama jiko. Siku ya kumi, saa mbili na nusu asubuhi, likajizima lenyewe lisiungue. Vizazi vikasimama. Vifo vikasimama. Kufikia saa tano foleni ilikuwa imetoka nje ya geti: mama wa watoto wachanga, wafiwa wanaohitaji cheti ili wazike, na mheshimiwa mmoja mwenye gari refu ambaye mjukuu wake alikuwa anasafiri kesho na hana cheti cha kuzaliwa. Wenye watoto wachanga walikuwa wamesubiri tangu alfajiri na hakuna aliyewajali. Mheshimiwa alisubiri dakika kumi na mbili, na simu ikapigwa nyumbani kwa Mama Seva.

*

Alikuta chumba chake kimebadilika. Sanduku lililochukuliwa lilikuwa limerudishwa sakafuni, na kiyoyozi kilikuwa kinavuma. Lakini ukutani palikuwa na rafu mpya ya mbao, na juu yake makasha ya kompyuta yaliyokufa zamani, yaliyotolewa stoo, mengine hayana hata mlango, kila moja na stika ya njano. Yalikuwa yamefutwa vumbi upande wa mbele tu.

"Kamati imekaa," Mkurugenzi akasema. "Tumetafuta njia ya kulimaliza kwa amani. Mashine kumi na mbili zimepatikana."

"Hizi? Mkurugenzi, hizi ni makopo."

"Mama, usinitie maneno mdomoni. Zina stika."

Akahesabu. Makasha yalikuwa kumi na moja. Kitu cha kumi na mbili, mwishoni mwa rafu, kilikuwa redio ndogo nyeusi, stika imebandikwa juu ya spika.

"Hiyo ni redio ya mama mkwe wangu."

Mtunza stoo akainamisha kichwa. Mwenyekiti akakohoa. "Stoo ilikuwa na kumi na moja tu," akasema, "na ripoti inasema kumi na mbili. Hiki tumepewa na polisi. Hesabu lazima ikae."

Kisha wakampa barua. Ilisema anarudishwa kazini kuanzia leo, kwa kuwa *amerejesha kwa hiari yake* mashine kumi na mbili zilizokuwa zimepotea, na kwamba anapewa onyo kali.

"Sitasaini hii," akasema. "Andikeni kwamba hazikuwahi kupotea. Mstari mmoja tu."

"Hatuwezi," Mwenyekiti akajibu, na alijibu kama mtu anayemhurumia. "Tukiandika hazikupotea, ina maana kamati ilikosea. Kamati haikosei, mama. Kamati ina muhuri."

"Usiposaini," Mkurugenzi akaongeza, "faili linakwenda mahakamani Jumatatu, na huko wewe ndiye utakayemweleza hakimu mambo ya pepe."

Kupitia dirishani aliiona foleni. Mwanamke mmoja alikuwa amemvua mtoto wake shati, anampepea kwa bahasha. Mama Seva alifikiria hakimu, kalamu, na kisu cha polisi kwenye kitambaa cha zambarau. Akafikiria ada ya shule. Alisikia hasira ikimpanda hadi masikioni, akaiacha ipande, na mkono ukasaini. Dakika ishirini na tano baadaye masanduku yote mawili yalikuwa yananguruma na vyeti vinatoka. Mjukuu wa mheshimiwa alikuwa wa kwanza.

Jioni, kabla ya kutoka, alibandua stika namba kumi na mbili kwa ukucha, taratibu isichanike. Akaibandika kwenye kopo tupu la biskuti, akalipandisha kopo kwenye rafu, na redio akaitia mkobani. Getini mlinzi, ambaye sasa alikuwa na amri ya kupekua mikoba yote, aliitoa, akaigeuza juu chini.

"Haina stika," akasema. "Si ya ofisi. Pita, Mama Seva."

Ndivyo alivyotoka na mali iliyokuwa kwenye daftari, mbele ya mlinzi, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa ya kazi.

*

Nyumbani mama mkwe aliipokea redio kwa mikono miwili, akaiwasha hapo hapo. Kuna watu walikuwa wamekufa siku kumi bila yeye kujua.

"Wamenirudisha kazini," Mama Seva akasema.

Fundi makochi aliruka, akamshika mabega, akacheka, na kwa muda mfupi nyumba ikawa kama zamani. "Nilijua! Nilijua tu! Iko wapi barua?" Akaipokea, akaisoma kwa sauti ili mama yake asikie, haraka haraka, mpaka alipofika katikati. Hapo sauti ikapungua. Akasoma sentensi ile mara ya pili, kimoyomoyo.

"Amerejesha," akasema. "Kwa hiari yake."

"Baba, hayo ni maneno yao. Wamechukua makopo stoo wakayabandika stika. Ilibidi nisaini, la sivyo..."

"Hii ni saini yako?"

"Ni yangu."

"Kwa hiyo zilikuwepo." Hakuwa na hasira. Alikuwa anapanga mambo kichwani, na yote yalikuwa yanakaa mahali pake: kochi, polisi, foleni ya majirani. "Siku zote hizo zilikuwepo. Mimi nikakuuliza hapo uani, ukaniangalia machoni ukaniambia nisikuulize tena."

"Hazikuwepo! Zimo ndani ya..." Akakatisha. Alikuwa amekwisha kulieleza hili kwa kamati, kwa Mkurugenzi, na humu ndani mara tatu. Akaona hana tena neno ambalo hajalitumia.

Mama mkwe akazima redio. Hilo lenyewe lilikuwa jambo kubwa, maana matangazo yalikuwa hayajaisha.

"Muache mke wako," akamwambia mwanawe, kwa ukali ambao fundi hakuwa ameusikia tangu utotoni. "Kapotoka, karudisha. Wanaoiba ni wengi humu duniani, wanaorudisha ni wangapi? Sitaki kusikia tena neno hili katika nyumba hii." Kisha akasogea kwenye kiti chake, akapiga kwa kiganja nafasi iliyo pembeni yake, ambayo hajawahi kumkaribisha mtu. "Njoo ukae, mwanangu. Umefanya vizuri."

Miaka kumi na minne Mama Seva alikuwa amemfulia bibi yule, amemuuguza, amemnunulia hiyo redio yenyewe, na hakuwahi kutetewa naye hata siku moja wala kuitwa mwanangu. Binti yake alikuwa mlangoni anamtazama, anangoja kuona mama atajibu nini.

"Ahsante, mama," akasema, akaenda akakaa.